Kwa nini viti viwili vya safu moja kwenye ndege vina bei tofauti?

Chukua ndege ya KLM, shirika la Uholanzi ambalo wengi wetu tunalijua kwa safari zake za Kilimanjaro na Dar es Salaam, ikitoka Amsterdam kwenda Lisbon. Kiti cha dirishani na kile cha katikati vina upana uleule, na abiria wote wawili watatua dakika ileile. Mmoja kakata tiketi ya Light, mwenzake Flex, na huyu wa Flex huenda kalipa maradufu. Kanunua nini cha ziada?

Begi la kupakia chini limo, lakini kikubwa alichonunua ni ruhusa ya kughairi na kurudishiwa nauli.

Kiti cha ndege ni kama samaki wa soko la Feri jua linapozama: ndege ikishapaa, kilichobaki kitupu hakina tena mnunuzi. Kwa hiyo shirika lina hamu ya kukiuza hata kwa bei ya kutupa. Lakini likishusha bei kwa kila mtu, linapoteza hela za yule anayesafiri kikazi, anayekata tiketi juzi yake na kulipa nauli kamili bila kubisha, maana anayelipa ni kampuni. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, shirika la ndege la BOAC la Uingereza, lililounganishwa mwaka 1974 kuwa British Airways, lilikuwa likiwapa punguzo abiria waliokata tiketi siku 21 au zaidi kabla ya safari. Swali likawa: viti vingapi viachiwe watu wa punguzo?

Jibu lilitoka mwaka 1972 kwa mtaalamu wa BOAC, Ken Littlewood. Tuseme nauli kamili ni euro 300 na ya punguzo ni 100. Ikiwa uwezekano wa kumpata mtu wa 300 kwa kiti hicho unazidi theluthi moja, usikiuze kwa 100; kisubirishe. Kompyuta za leo zinapiga hesabu ngumu kuliko hiyo, lakini mzizi ni huo. Ndiyo maana bei uliyoiona asubuhi inaweza kuwa imeyeyuka jioni.

Ilibaki kumzuia mtu wa kazini asijipenyeze kwenye tiketi ya punguzo. Dawa ikawa masharti. Maarufu kuliko yote lilikuwa lile la kulala ugenini usiku wa Jumamosi: mtalii hajali, ila mtu wa mikutano anataka Ijumaa awe kwake. Mashirika ya bei nafuu kama Ryanair na easyJet, hilo la pili lililoanza kuruka mwaka 1995, yakauvuruga mchezo huo kwa kuuza tiketi ya kwenda tu, bila kuuliza utalala wapi. Mashirika makongwe nayo yakajibu kwa kuivunja nauli vipandevipande. Lufthansa, kwa mfano, lilileta nauli ya Light kwa safari za Ulaya mwaka 2015, isiyo na begi la kupakia.

Sasa uchague ipi? Tuchukue bei za mfano: Light euro 90, Flex euro 200. Tofauti ni 110, yaani kubwa kuliko tiketi ya Light yenyewe. Ukighairi Light, hasara yako haiwezi kuzidi 90. Kwa safari fupi ya namna hiyo, mtu anayelipa kutoka mfukoni mwake sioni kwa nini anunue Flex. Mambo hugeuka Light ikiwa 600 na Flex 720: hapo unalipa 120 kuilinda 600, na ukiona kuna nafasi moja kati ya tano ya kutosafiri, Flex imeshajilipa. Kama shida yako ni begi tu, nauli iliyo kati ya Light na Flex inatosha.

Soma pia maandishi madogo. “Kubadilisha bila ada” maana yake ada tu. Tarehe mpya ikiwa ghali zaidi, tofauti ya nauli unailipa hata ukiwa na Flex. Na ukikata ya kwenda na kurudi kisha usitokee safari ya kwenda, mashirika mengi hufuta na ile ya kurudi.

Kitu kimoja hakihitaji Flex. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 haiangalii ulilipa kiasi gani. Shirika likifuta safari, mwenye Light naye ana haki ya kuchagua kurudishiwa nauli au kutafutiwa ndege nyingine. Fidia ya kuchelewa sana au kufutiwa safari, isiposababishwa na mambo yaliyo nje ya uwezo wa shirika, ni kati ya euro 250 na 600 kutegemea umbali. Kutoka Dar kwenda Amsterdam kwa shirika la nchi ya Umoja wa Ulaya unalindwa. Ukienda huko kwa shirika la Ghuba, hapana.

Kwa anayesubiri viza ya Schengen, ile ya kuingia nchi nyingi za Ulaya, hesabu ni nyingine kabisa. Maombi kwa kawaida huamuliwa ndani ya siku 15, lakini yanaweza kuvutwa hadi 45, na jibu linaweza kuwa hapana. Ukilazimika kulipia kabla ya jibu, nunua ile inayorudisha pesa, na hakikisha imeandikwa kurudisha pesa, si kubadilisha tarehe tu. Ukiweza kungoja, pata viza kwanza, halafu kata Light.