"Saa Yangu Haijafika" na Dhana Nyingine Potofu Kuhusu Uteule wa Mungu

Jumapili iliyopita nimelisikia tena jibu lile lile. Ibada ya kwanza imekwisha, watu wanatoka, na getini amesimama fundi magari mmoja wa mtaa wa Gerezani, hapa Dar es Salaam, ambaye kila wiki huwaleta mke na watoto, kisha yeye hubaki nje kuwangoja. Nikamkaribisha ibada ya pili kama ninavyomkaribisha siku zote. Akanijibu kwa adabu zote: "Baba Mchungaji, mimi na Mungu hatuna ugomvi. Si ndiye anayechagua? Siku akinitaka atanivuta mwenyewe. Saa yangu haijafika."

Jibu hilo nimepewa Mbagala, nimepewa Tabata, nimepewa kwenye misiba ya Kinondoni na wodini kando ya vitanda. Hata watoto wa kipaimara wanalijua, wamelichukua kwa baba zao. Wengine wana hata andiko la kulitetea, Yohana 6:44, kwamba hakuna awezaye kwenda kwa Yesu asipovutwa na Baba. Andiko ni la kweli. Matumizi yake ndiyo yanayoniumiza, na safari hii nimeona niyaandike.

Nasema habari za imani ya Kikristo tu. Jirani zetu Waislamu wana elimu yao ya kadari na masheikh wa kuifafanua.

Dhana: Kama Mungu ameshaamua nani ataokoka, kazi yangu ni kungoja

Ukweli ni kwamba Biblia haijawahi kumwambia mwenye dhambi angoje. Hakuna nabii, hakuna mtume, na Yesu mwenyewe hakumwambia mtu yeyote arudi nyumbani akasubiri kuvutwa. Walisema: tubuni, aminini, njoni. Waliosema hivyo ndio hao hao waliofundisha kwamba Mungu amechagua watu wake kabla ya kuwekwa misingi ya ulimwengu, ndio uteule wenyewe. Hawakuona mgongano, na sisi tunauona kwa sababu tunakata nusu ya habari.

Msomaji afungue Matendo ya Mitume sura ya 27 aisome taratibu. Paulo ni mfungwa, anapelekwa Rumi kwa meli iliyotoka Aleksandria. Dhoruba imewapiga siku nyingi, jua halionekani, nyota hazionekani, tumaini la kupona limekwisha. Usiku malaika anamwambia Paulo kwamba Mungu amempa wote wanaosafiri naye. Meli itapotea lakini hata mtu mmoja hatapotea. Paulo anawatangazia wote waziwazi. Neno la Mungu limeshatoka, na Mungu hasemi uongo.

Usiku wa 14 mabaharia wanahisi nchi i karibu. Wanashusha mashua baharini, wakisingizia kwamba wanakwenda kutia nanga upande wa omo, yaani mbele ya meli, kumbe wanataka kutoroka. Paulo akawaona. Kwa akili ya fundi wangu, Paulo angekaa kimya, maana watu wote wameshaahidiwa uhai. Yeye akamwendea akida na askari, akawaambia: "Hawa wasipokaa ndani ya merikebu hamtaweza kuokoka." Askari wakazikata kamba, mashua ikaenda zake. Kulipokaribia kucha akawasihi wale chakula wapate nguvu. Meli ilipokwama na tezi, yaani sehemu ya nyuma, kuanza kuvunjika, waliojua kuogelea wakajitosa kwanza, waliobaki wakafuata juu ya mbao na vipande vya meli. Watu 276, wote wakafika pwani ya Malta salama.

Sasa naomba anijibu anayesema "atanivuta mwenyewe": ahadi ile ilitimiaje? Ilitimia kwa kamba zilizokatwa, kwa mikate iliyoliwa, kwa mikono iliyopiga maji. Mungu aliyepanga kwamba watapona ndiye aliyepanga kwamba watapona hivyo. Askari angesema "tumeshaahidiwa, waacheni waende", angekuwa anaikataa ahadi ile ile aliyoisikia. Ndivyo ilivyo kwa wokovu. Mungu akimchagua mtu, humchagua apate kusikia Injili, atubu, aamini. Hakuna aliyeteuliwa aokoke pasipo hayo huku amekaa getini.

Tena tuangalie mafundisho haya yalimfanyia nini Paulo mwenyewe. Kule Korintho alikuwa na hofu. Bwana akamwambia katika maono asiogope, aseme wala asinyamaze, kwa kuwa ana watu wengi katika mji ule. Watu hao hawajaamini bado, lakini Bwana tayari anawaita wake. Paulo akakaa pale mwaka mmoja na miezi sita akifundisha. Uteule ulimfanya ahubiri zaidi. Katika Warumi 9 anasema juu ya Mungu kumrehemu amtakaye, nao wapenzi wa mabishano hufunga Biblia hapo. Sura ya 10 inafuata mara moja: kila atakayeliitia jina la Bwana ataokoka, na watu watasikiaje pasipo mhubiri? Barua ni moja na mwandishi ni mmoja.

Fundi wangu nilimuuliza anaamka saa ngapi. Saa kumi alfajiri, akasema, ili apate gari la mapema kutoka Chamazi. Nikamuuliza riziki inatoka kwa nani. Akajibu bila kusita: kwa Mungu. Basi mtu huyu anajua kabisa kwamba Mungu ndiye atoaye na kwamba spana hushikwa na yeye, wala hajawahi kulala nyumbani akingoja gearboksi zimfuate kitandani. Katika riziki anaielewa imani. Katika roho yake, ambayo ni kubwa kuliko gereji, anajifanya haielewi.

Nasema "anajifanya" na namaanisha. Mara nyingi nikikaa na mtu wa "saa yangu haijafika" kwa muda wa kutosha, nakuta kuna jambo: nyumba ndogo, deni alilodhulumu, ndugu wa shamba moja ambaye hawasemezani tangu mirathi. Swali la uteule limewekwa mlangoni kama mlinzi, asiingie mtu. Liwali Feliki alifanya hivyo hivyo. Alimsikiliza Paulo akinena habari za haki, kiasi na hukumu ijayo, akaingiwa na hofu, akamwambia aende zake kwanza, atamwita akipata nafasi. Aliendelea kumwita na kuzungumza naye mara nyingi, huku akitumaini kupewa fedha. Miaka miwili ikapita, akaondoka madarakani na kumwacha Paulo kifungoni. Hatusomi popote kwamba aliamini. Waebrania sura ya 3 inajua saa moja tu ya kuisikia sauti ya Mungu, nayo ni leo.

Asije mtu akadhani haya ni maoni yetu sisi Walutheri tu. Makanisa yametofautiana sana juu ya namna neema na hiari vinavyokutana, lakini juu ya kungoja hayakutofautiana. Mkutano wa makanisa ya Kireformati uliofanyika Dordrecht, Uholanzi, 1618 na 1619, uliotetea uteule kwa ukali kuliko karibu mkutano wowote, ulikiri kwamba wote wanaoitwa kwa Injili wanaitwa kwa dhati. Ungamo la Westminster la 1646, ambalo ni tamko la imani la Wapresbiteri, linasema Mungu ameamuru yote yatokeayo, na papo hapo linasema kwamba amri hiyo haimfanyi awe mwanzilishi wa dhambi wala hailazimishi kwa nguvu hiari ya viumbe. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, aya ya 600, inafundisha kwamba Mungu katika mpango wake wa milele anaingiza pia itikio huru la kila mtu kwa neema yake. Wafilipi 2 iko katika Biblia zetu zote: utimizeni wokovu wenu kwa kuogopa na kutetemeka, kwa maana Mungu ndiye atendaye kazi ndani yenu, kutaka kwenu na kutenda kwenu. Tazama kiungo kilichotumika: "kwa maana". Mungu kutenda kazi ndiyo sababu ya sisi kutenda.

Dhana: Labda mimi sikuchaguliwa

Huyu ni mtu mwingine kabisa, na naomba wahubiri wenzangu wasimjibu kwa sauti ile wanayomjibia wa kwanza. Wa kwanza anajificha, huyu anaumia. Huja jioni wengine wakishaondoka. Amefanya jambo ambalo hajamwambia mtu, anasali na haoni kitu, na mahali fulani amesikia mahubiri kwamba wengine waliumbwa kwa ajili ya moto.

Fomula ya Konkordia ya mwaka 1577, ambayo ni ungamo letu, inakataza kuutafuta uteule katika shauri la siri la Mungu. Utafutwe katika Kristo na katika neno lake, kwa sababu hapo ndipo Mungu alipoufunua. Ungamo hilo linafundisha uteule wa uzima; kuangamia halikuweki katika mapenzi ya Mungu, bali katika dhambi na katika kulikataa Neno. Ezekieli 33:11 inasema Mungu hafurahii kufa kwake mtu mwovu. Nikikaa na mtu wa namna hii simfundishi historia. Namsomea Yohana 6:37 mpaka mwisho, ambapo Yesu anasema: "Wote anipao Baba watakuja kwangu, wala yeyote ajaye kwangu sitamtupa nje kamwe." Namuuliza: unataka kuja? Akisema ndiyo, namwambia kwamba kutaka huko hakukuzaa mwenyewe.

Dhana: Mungu amefanya sehemu yake, iliyobaki ni bidii yangu

Hii inahubiriwa sana mjini hapa, hasa kwenye mikutano ya mkesha: Mungu amefungua mlango, sasa nguvu zako ndizo zitakazokuingiza. Anayepona anajisifu na anayeanguka anaambiwa hakujitahidi.

Jambo hili lilijibiwa barani kwetu zamani sana. Mwalimu mmoja wa Kikristo, Pelagio, alifundisha kwamba mwanadamu anaweza kutimiza amri za Mungu kwa uwezo wake wa asili. Augustino, askofu wa Hippo katika nchi ambayo leo ni Algeria, akampinga, na maaskofu wa Afrika waliokutana Karthago mwaka 418 wakayakataa mafundisho hayo. Kila mtoto wetu wa kipaimara anakariri maelezo ya Luther katika Katekisimu Ndogo ya 1529, kwamba kwa akili zake na nguvu zake hawezi kumwamini Yesu Kristo wala kumjia, ila Roho Mtakatifu amemwita kwa Injili. Wanayakariri vizuri, kisha wakifika umri wa miaka 20 wanaamini kinyume chake.

Hapa niwatendee haki Wamethodisti na Wapentekoste, maana wasomi wetu huwasingizia. Jacobus Arminius, mwanateolojia wa Uholanzi, na baadaye John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, hawakufundisha kwamba mtu anajiokoa. Walifundisha kwamba neema hutangulia, inamwamsha mtu aliyekuwa amekufa dhambini, ndipo anaweza kuitikia au kukataa. Mtu anaweza kutokubaliana nao, lakini asiwaite Wapelagio.

Dhana: Uteule ulibuniwa na Calvin

Yohane Calvin, kiongozi wa Matengenezo ya Kanisa huko Geneva, alizaliwa 1509. Augustino, aliyeandika juu ya uteule kwa kirefu, alifariki 430. Thoma wa Akwino, mwanateolojia wa Kikatoliki, aliufundisha katika karne ya 13, na Luther alibishana na msomi Erasmus juu ya hiari mwaka 1525, Calvin akiwa kijana wa shule. Zaidi ya wote, Paulo aliuandika.

Dhana: Farao alionewa

Someni kitabu cha Kutoka kwa mpangilio. Ni kweli Mungu alitangulia kumwambia Musa kwamba ataufanya mgumu moyo wa Farao. Lakini katika mapigo matano ya kwanza tunasoma kwamba moyo wake ulikuwa mgumu, au kwamba yeye mwenyewe aliufanya mzito. Ni kwenye pigo la sita, la majipu, ndipo tunapoambiwa kwa mara ya kwanza kwamba Bwana aliufanya mgumu. Mungu hakumchukua mtu mpole akamgeuza katili. Watoto wa Waebrania walikuwa wameshatupwa mtoni kwa amri ya ikulu ile kabla Musa hajasimama mbele yake.

Dhana: "Kazi ya Mungu haina makosa", basi tusiulize

Neno hili husemwa kwenye kila msiba wa Dar es Salaam, na mfiwa aliyejiliwaza nalo simnyang'anyi. Lakini dereva wa bodaboda aliyepita kwenye taa nyekundu Ubungo na kuua abiria hana haki ya kulisema. Ndugu zake Yusufu walikusudia mabaya, na Mungu alikusudia mema katika jambo lile lile. Wema wa Mungu haukuyafuta makosa yao, nao walijua, ndiyo maana waliomba msamaha. Watu 18 walipoangukiwa na mnara wa Siloamu, Yesu hakueleza kwa nini Mungu aliruhusu. Aliwageukia waliobaki hai akawaambia watubu.

Vijana wa chuo wanaobishana Calvin na Arminius kwenye WhatsApp hadi usiku wa manane nawapa ushauri mmoja, na si wangu, Luther aliutoa katika utangulizi wake wa Warumi: msianzie sura ya 9. Anzeni ya 1, mkajione wenye dhambi. Mkae na sura ya 3 mpaka ya 5 hadi mjue mnahesabiwa haki kwa nini. Pigeni vita na dhambi katika ya 6 na ya 7, mteseke na kufarijiwa katika ya 8. Baada ya hapo someni ya 9, ya 10 na ya 11 pamoja, kwa kikao kimoja, bila kukatisha. Maswali yatakayobaki nileteeni ofisini Jumatano jioni. Fundi wa Gerezani ameahidi kuja. Kwake tutaanzia Matendo 27.