Weusi unaobaki baada ya chunusi: ni nini hasa, na kwa nini mashine za urembo huuongeza

Chunusi imeshapona. Ukipapasa shavu hukuti uvimbe, hapaumi, hapana usaha. Lakini pale ilipokuwa pamebaki alama ya kahawia iliyokolea au nyeusi kabisa, na wiki zinapita haiondoki. Wengi huiita kovu, na kwa kuwa wanadhani ni kovu huitafutia dawa ya kukwangua. Kovu ni ngozi iliyoharibika umbo: kuna kishimo, au kuna kinundu. Alama hii haina umbo. Fumba macho upitishe kidole, hutajua iko wapi. Ni rangi tu, imewekwa na ngozi yenyewe.

Rangi hiyo ni melanini. Hutengenezwa na seli ziitwazo melanosaiti, zilizokaa kwenye sakafu ya tabaka la juu la ngozi. Idadi ya seli hizo inakaribiana kwa binadamu wote, awe Mnyakyusa wa Tukuyu au Mzungu wa Ulaya kaskazini. Kinachotofautiana ni wingi wa rangi inayotengenezwa, na ukubwa wa vifuko vinavyoibeba kwenda kwenye seli za jirani. Ngozi inapoumia, mwili humwaga kemikali za kupambana na jeraha, na kemikali hizohizo huziamsha melanosaiti. Zikiamka hutengeneza rangi kuliko kawaida na kuimwaga pale palipoumia. Kwa mwenye ngozi nyeupe kinachobaki mara nyingi ni wekundu unaofifia. Kwetu sisi ni doa jeusi, na kadiri ngozi ilivyo nyeusi ndivyo doa linavyokolea na kudumu.

Jambo la kushika hapa ni kwamba melanosaiti hazichagui chanzo. Chunusi uliyoiminya, kiwembe cha kidevuni, waksi ya moto, kuumwa na kiroboto, tone la mafuta ya kukaangia maandazi, pumu ya ngozi, asidi kutoka kwenye kichupa cha bei ghali, leza ya kliniki ya kisasa: kwa seli hizo yote ni jeraha. Hata joto peke yake linatosha. Nyanda za juu wanalifahamu hili kwa macho hata kama hawakuwahi kuelezwa. Angalia miundi ya mabibi wa Makete au Njombe wanaoota moto jikoni kila jioni ya Juni na Julai: utaona michoro ya kahawia iliyosukana kama wavu, upande ule unaoelekea jiko. Hawakuungua, hawakupata malengelenge. Ni joto la wastani, la kila siku, la miaka.

Kina cha doa nacho kina maana kubwa. Rangi ikibaki kwenye tabaka la juu, doa huwa la kahawia, na kwa kuwa tabaka hilo hujibadilisha kila baada ya wiki chache, rangi itaondoka yenyewe, ingawa huchukua miezi, pengine hata mwaka. Jeraha likiwa kubwa zaidi, sakafu ya tabaka hilo hupasuka na melanini huangukia chini, kwenye ngozi ya ndani, ambako humezwa na seli za ulinzi na kukaa humo. Doa la namna hii huwa na ukijivu au ubuluu, na linaweza kudumu miaka. Ni kama chai iliyomwagika ikapenya chini ya mkeka: utasugua mkeka siku nzima na doa liko sakafuni. Kusugua kunaongeza jeraha jipya juu ya lile la zamani.

Ukishaelewa hilo, huduma yoyote ya urembo unaweza kuipima kwa swali moja: inaiumiza ngozi kiasi gani ili ifanye kazi yake? Siulizi kwa kubeza. Huduma nyingi za ngozi zinazotolewa na wataalamu hufanya kazi kwa kuumiza kwa makusudi. Leza huchoma, sindano hutoboa, asidi humenya, halafu ngozi inajijenga upya. Mtaalamu anayejua ngozi nyeusi hupima kiasi cha kuumiza: anaanza chini, anajaribu sehemu ndogo, anasubiri wiki kadhaa aone. Nyumbani hakuna wa kupima.

Tuanze na mashine za mwanga za kuondoa vinyweleo, kwa sababu ndizo zinazouzwa sana mtandaoni na ndizo zinazoeleweka vibaya kuliko zote. Kanuni yake iliandikwa na madaktari wa ngozi Rox Anderson na John Parrish wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, mwaka 1983: chagua mwanga unaonyonywa na kitu kimoja kuliko vingine, upige kwa muda mfupi sana, kitu hicho kitaungua na vya jirani vitasalimika. Kwa unywele, kitu kinachonyonya mwanga ni melanini iliyo ndani ya unywele. Kwa mtu mweupe mwenye nywele nyeusi hesabu inakubali: mwanga unapita kwenye ngozi, unakuta rangi kwenye shina la unywele, unalichoma. Kwa mtu mweusi, melanini ya kwanza ambayo mwanga unaikuta ni ya ngozi yenyewe. Joto linaishia juu. Unywele unabaki na ngozi inaungua, na baada ya hapo unajua kinachofuata.

Ndiyo maana kwenye boksi la mashine hizo kuna mistari ya rangi za ngozi, na mashine nyingi za nyumbani hazikuidhinishwa kwa zile za mwisho, zilizo nyeusi zaidi. Mpangilio huo umetokana na kipimo cha aina za ngozi cha Thomas Fitzpatrick, daktari wa ngozi wa Marekani, cha mwaka 1975. Mwanzoni kilipima jinsi ngozi nyeupe zinavyoungua na jua. Aina ya 5 na ya 6, ambazo ndizo zetu wengi, ziliongezwa baadaye. Baadhi ya mashine zina kihisi kinachosoma rangi ya ngozi kabla ya kuwaka. Ikikataa kuwaka juu ya mguu wako, haijaharibika. Imekuokoa. Anayetaka kuondoa vinyweleo kwa mwanga atafute kliniki yenye leza ya mawimbi marefu, ya nanomita 1064 (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga), kwa sababu melanini huunyonya mwanga huo kwa kiasi kidogo na mwanga hufika chini bila kuunguza juu. Hata hiyo inahitaji mkono unaojua.

Rola ya sindano, kile kigurudumu chenye sindano ndogo kinachoviringishwa usoni, ni habari nyingine. Kliniki, kutoboa kwa sindano ndogo kunahesabiwa miongoni mwa njia salama zaidi kwa ngozi nyeusi yenye mashimo ya chunusi, kwa kuwa hakuna joto. Shida ni rola ya bei rahisi iliyo bafuni. Sindano zake hupinda, zikipinda zinachana badala ya kutoboa. Inapita juu ya chunusi mbichi na kupanda vijidudu shavu zima. Halafu mtu anapaka juu yake ndimu au krimu asiyoijua, wakati ngozi ina matundu mia. Na rola haikopeshwi. Dada na wifi wakitumia moja wanabadilishana damu, na homa ya ini aina ya B huambukizwa kwa njia hiyohiyo.

Barakoa za taa nyekundu hazichomi, na faida yake ni ya wastani. Taa ya bluu, ile ya nanomita kama 415 inayouzwa kuua bakteria wa chunusi, ina tatizo ambalo matangazo hayalitaji: mwanga wa bluu wa kiwango hicho unaweza wenyewe kuiongezea rangi ngozi yenye melanini nyingi. Mwenye madoa aiache.

Lakini huduma inayowagusa watu wengi zaidi hapa kwetu haiko bafuni, iko kwa kinyozi. Saluni yoyote ya Kabwe au Mwanjelwa hapa Mbeya, au Miyomboni kule Iringa, ukimaliza kunyoa unaulizwa kama utafanya skrabu. Kiti kinalazwa, taulo la moto usoni, kisha krimu yenye chembechembe inasuguliwa kwa kidole gumba kuanzia kidevuni kwenda juu, pale pale ambapo wembe umepita dakika tano zilizopita. Zile chembe zinaingia kwenye mikwaruzo. Mteja mwenye vipele vya ndevu ndiye anayesuguliwa zaidi, maana ndiye anayeonekana mchafu. Mteja humwambia anayesugua, "Dada, kaza kidogo hapo, Jumamosi nina harusi." Dada mwenye ujuzi humjibu, "Kaka yangu, hapa pana vipele vibichi, nikikaza leo Jumamosi utakuwa mweusi zaidi," na anampitishia taulo la baridi tu. Huyo anastahili bahashishi. Vipele vya ndevu hutokana na unywele uliojikunja kurudi ndani ya ngozi. Vinatulia mtu akiacha kunyoa hadi chini kabisa, akabakiza nywele za milimita moja hivi.

Ndimu usoni, dawa ya meno juu ya chunusi, magadi na asali: vyote nimeshaviona vikishauriwa kwa moyo mzuri. Ndimu ina ubaya wake wa pekee. Maji yake yakikaa kwenye ngozi iliyopigwa jua yanaweza kuleta malengelenge, kisha weusi wa miezi.

Mkorogo unahitaji kuelezwa kwa sababu mwanzoni unafanya kazi, na hapo ndipo unapowanasa watu. Nyingi za krimu hizo zina steroidi kali kama klobetasoli. Steroidi inatuliza uvimbe na kupunguza rangi, hivyo ndani ya wiki mbili uso unang'aa. Ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaanza kuonekana, na siku ukiacha chunusi zinafumuka nyingi kuliko za awali, kila moja na doa lake. Unarudi kununua. Haidrokwinoni, dawa nyingine ya kupunguza rangi, ikitumiwa muda mrefu bila daktari inaweza kuacha weusi wa kibuluu, hasa mashavuni, ambao ni mgumu mno kuondoa. Zebaki huharibu figo. Haidrokwinoni na zebaki zote zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini. Tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS, yaani Shirika la Viwango, na vifaa tiba viko chini ya TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Kopo lisilo na orodha ya viambato, lililochanganywa nyuma ya duka, liache hapohapo.

Kuna kitu kimoja cha huku kwetu kinachoyakoleza madoa bila mtu kukishuku, nacho ni jua la baridi. Mionzi ya urujuanimno, ile ya jua inayounguza ngozi, huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila ukipanda mita 1,000. Mbeya mjini iko kama mita 1,700, na Njombe inakaribia 2,000. Hewa ya baridi haiipunguzi mionzi hiyo hata kidogo. Mwendesha bodaboda wa Uyole amevaa jaketi zito na glavu, uso uko wazi tangu asubuhi, na kwa kuwa hasikii joto haamini kama anaungua. Tena jua hupita utosini kabisa Mbeya mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa Februari na katikati ya Oktoba, na Oktoba ni mwezi wa anga kavu isiyo na mawingu mengi.

Kwa hiyo matibabu yanaanza na kuzima chanzo. Ukitibu doa huku chunusi mpya zinatoka, unajaza pipa linalovuja. Benzoili peroksaidi au adapalini hutibu chunusi, na adapalini husaidia na madoa pia, ila mjamzito hatakiwi kuitumia. Asidi ya azelaiki inafanya kazi zote mbili na inaruhusiwa kwa mjamzito. Niasinamaidi ni ya upole, inafaa kuanzia. Juu ya hivyo, krimu ya kukinga jua yenye SPF (kiwango cha kinga) 30 au zaidi kila asubuhi, na kwa mwenye madoa iliyo bora ni ile yenye rangi ya ngozi, kwa sababu oksidi ya chuma inayoipa rangi huzuia pia mwanga wa kawaida, ambao unakoleza madoa na ambao krimu nyeupe huupitisha. Kofia pana haina gharama ya kila mwezi.

Anza dawa yoyote ya usiku kwa kuruka siku, hasa Juni na Julai ambapo ngozi tayari imekauka na kupasuka. Uso ukiwaka au kubambuka, punguza, paka losheni, pumzika siku kadhaa. Muwasho wa dawa nao ni jeraha. Mabadiliko yahesabu kwa miezi mitatu, na piga picha dirishani kwenye mwanga uleule, kwa sababu kioo cha kila siku hakioneshi kitu.

Madaktari bingwa wa ngozi ni wachache, lakini usikate tamaa kabla hujauliza. Kituo cha mafunzo ya ngozi kilichopo hospitali ya rufaa ya KCMC, Moshi, kilichofunguliwa mwaka 1992, kimekuwa kikifundisha pia maofisa tabibu, na wahitimu wake wako hospitali za wilaya na mikoa. Ulizia siku ya kliniki ya ngozi hospitali ya rufaa ya kanda Mbeya, au ya mkoa ulipo. Nenda na makopo yote unayopaka, hata lile unaloona aibu kulionesha.

Na doa moja lisisubiri miezi mitatu. Alama nyeusi iliyotokea yenyewe kwenye unyayo, kiganjani au chini ya ukucha, bila chunusi wala jeraha kabla yake, inayopanuka, yenye kingo zisizo sawa au inayotoa damu, inaweza kuwa saratani. Kwa watu weusi, saratani ya melanosaiti hutokea zaidi miguuni kuliko usoni. Usiipake chochote. Ipelekwe hospitali wiki hiyohiyo, na uombe ikatwe kipande kidogo kipimwe.