Bi Hawa alishindwa rufaa: tunayoyakosea kuhusu mali za ndoa

Ndoa ikivunjika huku Tanzania Bara, hakosi mtu wa kusema: "Usiogope, tangu kesi ya Bi Hawa mama wa nyumbani anapata nusu." Ukimuuliza kama aliwahi kuisoma hukumu hadi mwisho, anabadilisha mada.

Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilisema kupika, kufua na kulea watoto ni kazi, na kazi hiyo ni mchango katika kuchuma mali. Kabla ya hapo majaji walikuwa hawaelewani. Wapo waliohesabu fedha tu. Huo ni ushindi mkubwa, lakini haukuwa wa Bi Hawa mwenyewe. Mumewe alikuwa amempa fedha aanzishe mradi wa familia, mradi haukuonekana, na mahakama ikaona alizotapanya zinazidi fungu ambalo angelidai. Wenzake wakarithi kanuni, yeye akatoka mikono mitupu.

Na hiyo nusu inatoka wapi? Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinaitaka mahakama itazame mila za wahusika, mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, madeni waliyoingia kwa faida ya wote, na mahitaji ya watoto wadogo. Baada ya hayo ndipo mgawanyo uelekee kwenye usawa. Kuelekea Morogoro si kufika Morogoro. Anayedai mchango authibitishe.

Niliwahi kukaa na dada mmoja aliyekuja na mfuko wa rambo. Ndani mlikuwa na risiti za saruji, nyingine wino umefifia hadi unazisoma kwa kuzielekeza dirishani, na daftari la kikoba, kikundi cha kuweka akiba, lenye jalada lililochanika. Mumewe alikuwa na neno moja tu: "Hati ina jina langu." Wanaume wengi hudhani hapo kesi imekwisha. Kumbe jina kwenye hati ni dhana tu ya umiliki, na dhana hukanushwa kwa ushahidi. Tarehe ya kuvunja kikoba na tarehe ya risiti ya mabati zilipishana siku mbili. Hakimu akiona hivyo hahitaji hotuba ndefu.

Tena nyumba wanayoishi wanandoa, hata kama ni ya mmoja wao, haiuzwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzake. Hilo lipo kwenye kifungu cha 59, na linavunjwa kila siku.

Kuna na ile ya "tumekaa miaka miwili, basi ni mke wangu." Kifungu cha 160 kinataka pia watu wawe wanawatambua hivyo, na hata hapo ni dhana inayoweza kuvunjwa: kwa mfano, bwana akiwa tayari ana ndoa ya mke mmoja. Dhana ikivunjwa, mama na watoto hawatupwi nje. Mahakama bado inaweza kuamuru matunzo na nafuu nyingine.

Karatasi ya talaka aliyoandika mume nayo hudhaniwa imemaliza mambo. Mbele ya Sheria ya Ndoa, ndoa iliyofungwa hapa huvunjwa na amri ya mahakama, na mali hazigawanywi kabla ya amri ya talaka au ya kutengana. (Zanzibar sheria hii haitumiki, huko Waislamu wana Mahakama za Kadhi.)

Na kabla ya mahakama, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa na sheria, lazima upite baraza la usuluhishi la ndoa, likupe cheti kwamba upatanisho umeshindikana. Yule dada alikuwa ameliruka baraza akidhani ni la kupotezea muda. Shauri lilitupwa kabla hata mfuko haujafunguliwa. Jumatatu iliyofuata alikuwa kwenye benchi la baraza la kata, amepakata rambo lake.