Dosiye ya bweni: tunachosoma kabla ya asilimia

Tangu likizo kubwa ianze, korido ya ofisi yetu hapa Lubumbashi, Kongo, haipumui. Wazazi wanafika kabla mlinzi hajafungua geti, dosiye (faili la maombi ya nafasi) mkononi, na malalamiko karibu yote ni ya aina moja: mtoto wangu ana 82 kwa mia, mbona bweni limemkataa na wa jirani mwenye 68 amepokelewa? Ndiyo maana nimeombwa kueleza hadharani jinsi dosiye za kuingia mwaka wa 7 zinavyosomwa. Nasemea shule za kundi letu tu. Kila shule ina kanuni zake za ndani, na pale zinapotofautiana na maelezo haya, kanuni za shule ndizo zinazofuatwa.

Kamati haianzi na asilimia. Inaanza na mwenendo, kisha inaweka bilteni (karatasi ya alama) ya mwaka wa 5 kando ya ile ya mwaka wa 6 na kufuata peryodi, yaani vipindi vya alama, moja baada ya nyingine. Mtoto aliyetoka 58, akapanda 63, 66, hadi 70, ametueleza kitu juu yake mwenyewe. Aliyekaa kwenye 60 miaka miwili, halafu peryodi ya mwisho ikaruka hadi 85, naye ametueleza kitu, au kuna mtu mzima amemsemea. Hapo tunampigia simu mwalimu wake.

Kisha jaribio la shule: imla ya Kifaransa na hesabu. Wazazi wengi wanadhani tunatafuta mtoto anayeongea Kifaransa kama mtangazaji wa redio. Hapana. Tunatafuta anayesoma swali mpaka mwisho. Chukua swali kama hili: mama ana gunia la mahindi la kilo 50, kilo 5 zimeoza, meka moja (kipimo cha sokoni) inabeba kilo 2 na nusu, atauza meka ngapi? Wengi wanaandika 20 na kuweka kalamu chini kwa furaha. Anayeandika 18, hata kama Kifaransa chake kinachechemea, huyo tunamtaka. Darasa la ziada la wiki mbili lililolipiwa kwa haraka huwa linafundisha kuandika 20 upesi zaidi.

Mahojiano ni mafupi. Mwaka mmoja niliketi na kijana mwenye shati jeupe lililopigwa pasi vizuri sana. Sista akamuuliza: "Shati hili nani amelifua?" Kijana akageuka kumtazama mama yake. Mama akajibu yeye. Swali la pili, umewahi kulala nje ya kwenu, mama tena. La tatu hatukuuliza. Mtoto wa miaka 12 bwenini atafua, atatandika, ataamka bila kuitwa, na mama hatakuwepo. Tunaomba wazazi waketi nyuma wakati wa mahojiano na, nasema kwa heshima, wanyamaze.

Sasa nije kwenye jambo linaloangusha dosiye nyingi kuliko alama ndogo: karatasi zisizokubaliana. Jina la ubatizo liko kwenye bilteni na halimo kwenye cheti cha kuzaliwa. Mwaka wa kuzaliwa umepunguzwa ili mtoto aonekane mdogo. Au 6 imegeuzwa 8 kwa wembe na wino, wakati jumla iliyo chini imeachwa vilevile. Sisi tunajumlisha, jamani, ndiyo kazi yetu. Bilteni iliyoguswa haiishii kwenye kukataliwa. Kifungu cha 124 cha kanuni ya adhabu kinaadhibu kughushi maandishi kwa nia ya udanganyifu kwa kifungo cha miezi 6 hadi miaka 5 na faini, au mojawapo ya adhabu hizo. Kifungu cha 126 kinamhesabu anayetumia karatasi ya uongo kwa nia hiyohiyo sawasawa na aliyeitengeneza. Kwa hiyo "nilipewa na komisioneri", yaani dalali, peke yake si utetezi. Na pesa uliyompa huyo komisioneri pale getini ili "aone watu", ulimpa yeye. Nafasi haikuwa yake.

Kuhusu cheti cha kuzaliwa: mtoto aliyeandikishwa ndani ya siku 90 hana tatizo, nakala itatoka kwenye etasivili ya komini, yaani ofisi ya serikali ya mtaa inayoandika vizazi. Siku hizo zikishapita, komini peke yake haitoshi. Mzazi anaanzia mahakama ya watoto kuomba hukumu inayoshika nafasi ya cheti, anangoja uthibitisho kwamba hakuna rufaa, ndipo afisa wa etasivili anaiandika kwenye rejista na kutoa cheti. Ni hatua tatu, na hazifanyiki ndani ya wiki moja. Anayeanza mwezi wa 8 anatafuta kutulaumu bure.

Wanaorudi kutoka shule za Zambia walete ekivalansi, karatasi inayolinganisha masomo ya kule na ya hapa. Kule mwaka unaanza mwezi wa 1, hapa mwezi wa 9. Miezi inayobaki katikati haimrushi mtoto darasa.

Fomu ya afya ndiyo inayoninyima usingizi. Wazazi wanaficha kifafa, wanaficha selimundu, ile tunayoita SS, kwa hofu ya kukataliwa. Usiku wa mwezi wa 6 hapa kwetu baridi hushuka chini ya digrii 10, na baridi na kukosa maji ya kunywa ndivyo vinavyoamsha maumivu ya SS. Mlezi asiyejua atamwambia mtoto arudi kitandani, ni uvivu. Fomu inasomwa na muuguzi baada ya mtoto kupokelewa, si na kamati. Kukojoa kitandani nako kuandikwe; hakuna atakayecheka.

Mwisho, habari ya elimu ya bure. Ndiyo, ibara ya 43 ya Katiba inasema primere (mwaka wa 1 hadi wa 6) ya serikali ni bure, na tangu mwezi wa 9 mwaka 2019 imeanza kutekelezwa. Ndiyo, sheria namba 14/004 ya 11/2/2014 imeweka mwaka wa 7 na wa 8 ndani ya elimu ya msingi. Lakini mwaka wa 7 si primere, na hakuna sheria inayolipia maharagwe ya bwenini.

Asiyeridhika na jibu anaruhusiwa kuomba maelezo kwa maandishi. Barua iandikwe kwa prefe, yaani mkuu, wa shule husika, ukurasa mmoja, namba ya dosiye juu. Si kwa askofu, si kwa gavana. Hizo nazo hurudi kwetu, ila zinafika masomo yakiwa yameshaanza.