Si Kila Nepia ya Manjano Ina Njaa

Juma lililopita, katika boma moja la Vihiga, magharibi mwa Kenya, nilimkuta mama mmoja akimwaga ndoo ya nne ya samadi kwenye shina la nepia, yale majani marefu ya kulishia ng'ombe, lililodumaa kiasi kwamba mbuzi wangelidharau. Jirani alikuwa amemhakikishia kwamba nepia ikigeuka manjano, basi udongo umechoka. Kauli hiyo nimeshachoka kuisikia.

Ni kweli kwamba udongo wetu wa magharibi una tindikali na mvua huondoa naitrojeni, chakula cha mmea, upesi. Dawa yake ni samadi baada ya kila mkato, na kukata nepia ikifika mita moja hivi. Hapo sina la kuongeza.

Udumavu ni jambo jingine kabisa. Ugonjwa huo, uliojitokeza Bungoma mwishoni mwa miaka ya 1990, husababishwa na fitoplasma, kijiumbe cha jamii ya bakteria kinachoishi ndani ya mishipa ya mmea na kusambazwa na kidudu kirukacho kinachofyonza utomvu. Njaa ya naitrojeni huanzia kwenye majani ya chini na kwa kawaida hulikumba eneo zima, ilhali udumavu huchagua shina hapa na shina pale, kisha machipukizi hutoka mengi, mafupi, yenye vijani vidogo vya manjano. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba mara nyingi dalili hujificha mpaka nepia ikatwe, kwa hiyo mkulima hugawa pingili za kupanda akiliona shamba lake lina afya kabisa, na wema wake unasafiri na ugonjwa hadi kijiji cha pili.

Wengine hunijibu kwamba wamepanda aina ya nepia iitwayo Kakamega 1, kwa hiyo wako salama. Kakamega 1 ilisifiwa kwa kustahimili fugwe, ugonjwa wa kuvu, na fugwe si udumavu!

Shina lenye udumavu halitibiki; ling'olewe na mizizi yake, lichomwe. Hata hivyo, nakiri kwamba shamba lenye njaa na ugonjwa kwa pamoja hunibabaisha, kwa kuwa jicho si maabara, na nimewahi kuhukumu mashina ambayo pengine yalihitaji samadi tu.

Yule mama alininyamazia kidogo, kisha akauliza kuhusu pingili alizompelekea shemeji yake mwezi wa tatu. Nilimwambia tusubiri mkato wa pili, twende tukazikague pamoja, na asimpe mtu pingili nyingine kabla ya hapo.