Chati Haina Kura ya Hapana

Kila Desemba inapokaribia hujitokeza mtu wa kunikumbusha kwamba mwaka 2009 Waingereza walimpigia Simon Cowell, mwanzilishi na jaji wa shindano la televisheni la X Factor, kura ya kumkataa, wakamnyang'anya mshindi wake namba moja ya Krismasi, yaani kilele cha chati ya mauzo ya nyimbo katika wiki ya Krismasi, na kwamba mashabiki wa huku kwetu nao wanaweza kumteremsha kileleni msanii yeyote waliyemchoka. Safari hii dai hilo limeletwa na meneja wa msanii, mtu ninayemheshimu, ambaye alitaka nimsaidie kupanga kampeni ya namna hiyo. Kazi yangu ni kukusanya, kusafisha na kulinganisha takwimu za mauzo na usikilizaji wa muziki, na dai hili nimelisikia mara nyingi kiasi kwamba subira imeniisha. Kisa chenyewe ni cha kweli na kinastahili kusimuliwa, lakini kwa namna kinavyosimuliwa kinawapotosha watu wenye nia njema na kuwapotezea fedha.

Kwa ufupi, mambo yalikuwa hivi. Chati ya singo (wimbo unaouzwa peke yake) ya Uingereza ilianza Novemba 1952, na wiki ya Krismasi ndiyo wiki yake yenye heshima kubwa kuliko zote. X Factor, shindano la kusaka vipaji la kituo cha ITV, lilianza mwaka 2004. Fainali yake ilipangwa Desemba, na singo ya mshindi ilitoka mara tu baada ya kutangazwa. Kuanzia 2005 hadi 2008 namba moja ya Krismasi ilikwenda kwa Shayne Ward, Leona Lewis, Leon Jackson na Alexandra Burke, wote washindi wa X Factor, bila kukatika. Mwaka 2009 aliyefuata alikuwa Joe McElderry, kijana wa South Shields, na wimbo wake "The Climb". Mume na mke kutoka Essex, Jon na Tracy Morter, walifungua kundi la Facebook wakiwaomba watu wanunue "Killing in the Name" ya bendi ya roki ya Marekani, Rage Against the Machine, wimbo wa mwaka 1992. Tarehe 20 Desemba 2009 matokeo yakatangazwa: Rage Against the Machine nakala 502,672, McElderry nakala 450,838.

Watu huitazama namba ya kwanza na kushangilia. Mimi nawaomba waitazame ya pili. Leon Jackson alipokuwa namba moja ya Krismasi mwaka 2007 aliuza takriban nakala 275,000 katika wiki hiyo. McElderry, anayedaiwa kukataliwa na taifa zima, aliuza zaidi ya hapo kwa mbali sana, na angekuwa amewekwa katika wiki ya Jackson angeshinda bila jasho. Huwezi kusema kwamba umma ulimkataa mtu ambaye karibu nusu milioni ya nakala zake zilinunuliwa ndani ya siku saba. Kilichotokea ni kwamba umma mwingine, ambao pengine usingenunua singo yoyote wiki hiyo, uliingia sokoni na kununua wimbo mwingine, ukamzidi kwa nakala 51,834.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo, na ndipo ninapoombwa kila mara nisiwe mkali. Chati hujumlisha tu. Haina mahali pa kutoa. Mtu anayemchukia Cowell kwa moyo wake wote lakini hakununua chochote anahesabiwa sawasawa na mtu ambaye hajawahi kusikia habari za X Factor: sifuri. Kujiunga na kundi la Facebook ni sifuri. Kuandika maneno makali chini ya video ni sifuri. Kati ya mamia ya maelfu waliojiunga na kundi la akina Morter, walioonekana kwenye chati ni wale tu waliotoa fedha, katika duka linaloripoti mauzo yake, ndani ya wiki husika. Kampeni ile ilifaulu kwa sababu waanzilishi wake walilielewa hilo tangu mwanzo, wakawaambia watu kwa uwazi wanunue nini na wanunue lini. Mwaka mmoja kabla, Jon Morter alikuwa amejaribu jambo kama hilo kwa wimbo wa Rick Astley, na wimbo huo uliishia namba 73. Chuki dhidi ya X Factor ilikuwapo mwaka 2008 kama ilivyokuwapo mwaka 2009; kilichokosekana ni manunuzi.

Je, kampeni yenyewe ilimwongezea McElderry mauzo? Nashuku kwamba ndiyo. Magazeti yaliyafanya mashindano hayo kuwa habari ya kila siku, na mashabiki wa kijana yule bila shaka waliona kwamba safari hii ununuzi wao una maana. Lakini siwezi kulithibitisha, wala hakuna mwenzangu katika kazi hii anayeweza. Alexandra Burke aliuza zaidi ya nakala 500,000 katika wiki yake ya kwanza mwaka 2008 bila mpinzani wa kiasi hicho, kwa hiyo tofauti kati ya mshindi mmoja na mwingine inaweza kutokana na wimbo, na mvuto wa mtu, au na ukubwa wa hadhira ya fainali. Vitabu vya biashara ya muziki huandika kana kwamba takwimu za mauzo zinaeleza nia ya mnunuzi. Hazielezi. Rekodi ya mauzo ina utambulisho wa wimbo, duka, bei na wakati. Miongoni mwa wanunuzi wale wa Rage Against the Machine walikuwamo wapenzi wa roki, waliokuwamo kwa hasira, waliovutiwa na mchango kwa Shelter, shirika la hisani linalowasaidia watu wasio na makazi, na waliotaka tu kuwa sehemu ya tukio. Atakayekupa asilimia za makundi hayo anakisia.

Kuna jambo la kanuni ambalo karibu kila msimuliaji hulisahau, nalo ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwa sababu bila hilo kisa chote kisingekuwapo. Nyimbo za kupakua ziliingizwa kwenye chati kuu ya singo ya Uingereza Aprili 2005, lakini kwa sharti kwamba wimbo uwe na toleo la kushikika, kama CD, linalouzwa madukani. Sharti hilo liliondolewa Januari 2007. Tangu hapo wimbo wowote unaopatikana kwa kupakuliwa, uwe wa jana au wa miaka kumi na saba iliyopita, uliweza kuingia kwenye chati kwa mauzo ya wiki hiyo pekee, bila lebo, yaani kampuni ya kurekodi, kuchapisha CD moja. Jaribu kuifikiria kampeni ya akina Morter ikifanyika Desemba 2005. Ili "Killing in the Name" ihesabiwe, lebo ingepaswa kuamua kuitoa upya, kuchapisha nakala, kuzisambaza na kuyashawishi maduka yaziweke kwenye rafu katika msimu wenye msongamano kuliko misimu yote. Kampeni ya watu wa kawaida ingefia mlangoni mwa ghala. Rage Against the Machine walikuwa wa kwanza kuichukua namba moja ya Krismasi kwa upakuaji pekee, huku McElderry akiwa na upakuaji pamoja na CD madukani. Kwa hiyo anayesema kwamba Facebook ndiyo iliyoshinda mwaka ule anataja nusu ya sababu na kuiacha nusu iliyo nzito zaidi, yaani waraka wa kanuni ambao wananchi wengi hawakuwahi kuusoma.

Wakati nao ulisaidia. Fainali ilifanyika Jumapili tarehe 13 Desemba, wiki ya chati wakati huo ilikuwa inaanza Jumapili na kuishia Jumamosi, na Alhamisi tarehe 17 bendi iliimba moja kwa moja katika BBC Radio 5 Live, ikayatamka matusi iliyoombwa isiyatamke, ikakatwa hewani. Wiki nzima ya mauzo ikawa wiki nzima ya habari.

Sasa nije kwa wale wanaojiona wajanja. Kila ninapoeleza haya, hutokea mtu anayeniambia kwamba yote yalikuwa mchezo, kwa kuwa Rage Against the Machine walikuwa lebo ya Epic, McElderry alikuwa Syco, lebo ya Cowell, na lebo zote mbili wakati huo zilikuwa chini ya Sony. Basi Sony ilijipangia kushinda pande zote. Ukweli wa umiliki ni sahihi, na hitimisho ni baya. Kampuni inayomiliki sehemu kubwa ya muziki unaouzwa duniani itakutwa pande zote mbili za mashindano mengi bila kupanga chochote, kwa sababu tu ya ukubwa wake. Mapato ya lebo moja hayageuki kuwa mapato ya lebo nyingine kwa kuwa tu wana mwenye mali mmoja. Kila lebo ina hesabu zake, mikataba yake na wasanii wake. Anayeshuku njama aonyeshe ni nani aliyeamriwa kufanya nini. Hadi leo nimeonyeshwa mchoro wa umiliki tu, na mchoro wa umiliki hauonyeshi amri. Hata hivyo nakubali sehemu moja ya lawama hiyo: aliyenunua wimbo ule akidhani anainyima fedha tasnia kubwa ya muziki alikosea. Kampeni ya kununua haiwezi kuwa mgomo wa kutonunua. Fedha ziliongezeka, na sehemu yake iliwafikia wahitaji, kwani Juni 2010 bendi ilipotumbuiza bure Finsbury Park, London, Shelter ilikabidhiwa zaidi ya pauni 160,000.

Mfano wa mwaka 2008 unalionyesha hilo vizuri zaidi, ingawa hausimuliwi sana. Alexandra Burke alirekodi "Hallelujah", wimbo ulioandikwa na Leonard Cohen na kutolewa mwaka 1984. Waliochukizwa walianzisha kampeni ya kununua rekodi ya Jeff Buckley ya wimbo huohuo. Burke akawa namba moja, Buckley namba mbili, na rekodi ya Cohen mwenyewe namba 36. Rekodi ni mali moja na utunzi ni mali nyingine. Kila nakala iliyouzwa ya rekodi yoyote kati ya hizo tatu ilimletea mtunzi mirabaha yake. Waliokuwa wakipigana walikuwa wakimlipa mtu yuleyule kwa utunzi uleule, jambo ambalo mimi naliona zuri, ila waliokuwa wakipigana wengi hawakulijua.

Na X Factor haikuuawa na kampeni ya 2009. "The Climb" yenyewe ilipanda hadi namba moja wiki iliyofuata. Mwaka 2010 Matt Cardle aliichukua namba moja ya Krismasi, huku kampeni za wimbo wa The Trashmen, "Surfin' Bird", na kipande cha ukimya cha John Cage zikiishia namba 3 na 21. Sam Bailey alishinda mwaka 2013, kampeni ya kununua wimbo wa bendi ya AC/DC ikafika namba 4, na Ben Haenow akashinda mwaka 2014. Mwaka 2011 na 2012 washindi Little Mix na James Arthur waliikosa Krismasi kwa sababu ya kalenda kwa kiasi kikubwa: fainali zao ziliwahi, nyimbo zao zikawa namba moja wiki moja kabla, na wiki yenyewe ya Krismasi ikaenda kwa kwaya ya Military Wives na kisha kwa The Justice Collective, waliorekodi kwa ajili ya familia za mashabiki wa soka waliofariki katika maafa ya uwanja wa Hillsborough. Mabadiliko makubwa yalikuja Julai 2014, strimu, yaani usikilizaji wa wimbo mtandaoni, zilipoanza kuhesabiwa, mia moja kwa nakala moja. Mwaka 2015 Louisa Johnson aliishia namba 9 wiki ambayo kwaya ya wafanyakazi wa hospitali za Lewisham na Greenwich ilishinda, na mwaka 2023 kundi la Wham! likaichukua namba moja ya Krismasi kwa mara ya kwanza kwa wimbo wa 1984, kwa sababu watu huusikiliza upya kila Desemba. Kampeni bado zinawezekana, kwani mwanablogu LadBaby alishinda miaka mitano mfululizo, 2018 hadi 2022, akichangisha kwa ajili ya benki za chakula. Nakala moja iliyopakuliwa bado ni nzito kuliko strimu moja. Lakini strimu za wimbo wa zamani sasa hukadiriwa kwa kiwango kigumu zaidi, kwa hiyo "Killing in the Name" leo ingebidi itegemee wanunuzi halisi.

Basi, kaka yangu meneja, jibu langu ni hili. Hatuna chati ya kitaifa ya mauzo ya kila wiki inayokubaliwa na wote, kwa hiyo hakuna kilele kimoja cha kumteremsha mtu. Kwenye YouTube, alama ya kutopenda haipunguzi idadi ya waliotazama, kumjadili msanii unayemchukia kunawapeleka watu kwenye video yake, na utazamaji wa kutengenezwa huondolewa. Chagua wimbo wa msanii wako, chagua wiki, waambie mashabiki waununue au wausikilize kwenye huduma wanazolipia, na jina la yule mwingine usilitaje kabisa.