Irving Kristol na Uhafidhina Mamboleo: Jinsi ya Kusoma Wasifu wa Mwanafikra wa Siasa

Irving Kristol, mhariri wa Marekani anayehesabiwa kuwa baba wa uhafidhina mamboleo (mkondo wa wanafikra waliotoka mrengo wa kushoto wakahamia kulia), hakuwahi kuwa mbunge wala waziri, lakini siasa za Marekani za miaka ya 1970 na 1980 hazielezeki bila kumtaja. Kazi yake ilikuwa kuhariri, kuandika na kuwakutanisha wenye hoja na wenye fedha. Kwa hiyo ukisoma wasifu wake, orodha ya vyeo haitakusaidia sana. Kila alipokaa, uliza mambo mawili: nani alilipa gharama, na maandishi yalimfikia nani.

Alizaliwa Brooklyn, New York, mwaka 1920, mtoto wa Wayahudi waliohamia kutoka Ulaya Mashariki. Alisoma City College, chuo ambacho wakati huo hakikutoza ada. Ukumbi wa kulia chakula wa chuo hicho ulikuwa na vijichumba vya wazi kandokando ya ukuta, na kila kundi lilikuwa na chake. Kijichumba Namba 2 kilikuwa cha wanaomtetea Stalin. Namba 1 kilikuwa cha wanajamaa waliompinga, na hapo ndipo Kristol alipokaa pamoja na Daniel Bell na Nathan Glazer, waliokuja kuwa wanasosholojia, akiwa mfuasi wa Trotsky, hasimu wa Stalin. Alihitimu mwaka 1940, kisha akapigana Ulaya kama askari wa miguu. Majina ya Bell na Glazer yashike, maana yatarudi.

Alianza uhariri katika jarida la Commentary, 1947 hadi 1952. Mwaka 1953 akaanzisha jarida la Encounter jijini London akishirikiana na mshairi Stephen Spender. Fedha zilipitia shirika lililoitwa Congress for Cultural Freedom, na mwaka 1967 ikathibitika hadharani kwamba nyuma yake kulikuwa na CIA, shirika la ujasusi la Marekani. Kristol, aliyekwisha kuondoka mwaka 1958, alisema hakujua. Jambo hili lilifika hadi kwetu Afrika Mashariki: shirika hilohilo lilisaidia jarida la Transition la Kampala na mkutano wa waandishi wa Afrika uliofanyika Makerere mwaka 1962. Hata hivyo tusikurupuke. Ruzuku ya siri haithibitishi kwamba kila mwandishi alitumwa. Inathibitisha kwamba mtoaji aliona faida sauti hizo zisikike.

Mwaka 1965, Kristol na Bell wakaanzisha The Public Interest. Glazer akaingia kwenye uhariri baadaye. Hapa ndipo kiini cha uhafidhina mamboleo kilipo, na hapa ndipo wengi wanapokosea kwa kudhani neno hilo lilizaliwa na vita vya Iraki vya mwaka 2003. Jarida lilihusu mambo ya ndani: makazi, shule, uhalifu, na mipango ya Rais Johnson ya kupambana na umaskini. Hoja yake kuu ilikuwa kwamba sera yenye nia njema huzaa matokeo ambayo hayakukusudiwa, na kwamba yapaswa kupimwa kwa takwimu. Jina lenyewe lilienezwa mwaka 1973 na Michael Harrington, mjamaa, kama lawama kwa wenzake wa zamani. Kristol alilipokea.

Tazama jinsi jarida dogo linavyofanya kazi. Mwaka 1975 The Public Interest lilichapisha makala ya Jude Wanniski, mwandishi wa ukurasa wa maoni wa Wall Street Journal, iliyotetea kupunguza kodi ili kuchochea uzalishaji. Kristol mwenyewe alikuwa na safu katika gazeti hilo. Hoja ikachukuliwa na mbunge Jack Kemp, kisha na Ronald Reagan, na sheria ya mwaka 1981 ikashusha kiwango cha juu cha kodi ya mapato kutoka asilimia 70 hadi 50. Baadaye Kristol alikiri kwamba hakuwa na hakika na uchumi wa hoja hiyo, ila aliiona mapema nafasi yake kisiasa. Ungamo hilo ni zito kwa mtu ambaye jarida lake lilisimama juu ya vipimo.

Sasa soma vyeo vyake kwa makini. Alifundisha Chuo Kikuu cha New York kuanzia 1969, na mwaka 1988 akahamia American Enterprise Institute mjini Washington. Hii si chuo. Ni taasisi ya utafiti wa sera isiyo na wanafunzi wa shahada, inayoendeshwa kwa michango. Katika sehemu zote mbili alishika cheo chenye jina la John M. Olin, tajiri wa kemikali na risasi ambaye mfuko wake ulifadhili wasomi wa mrengo wa kulia. Jina lililobandikwa kwenye cheo mara nyingi ni la aliyetoa fedha.

Mwaka 1985 alianzisha The National Interest, la mambo ya nje, ambalo mwaka 1989 lilitoa insha ya mwanafikra wa siasa Francis Fukuyama kuhusu «mwisho wa historia», yaani hoja kwamba demokrasia huria imezishinda itikadi pinzani. Alifariki mwaka 2009.

Mwisho, usimchanganye na mwanawe William Kristol. Huyo ndiye aliyeanzisha The Weekly Standard mwaka 1995, na ndiye aliyetia saini barua ya Januari 1998 iliyomtaka Rais Clinton amwondoe Saddam Hussein. Ukikuta «Kristol» bila jina la kwanza, angalia mwaka na jina la jarida kabla ya kunukuu.